Hali ya Hewa na Ndege Wanaokuja Kula Bustanini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Arusha, chini ya Mlima Meru, kimo cha mita 1,400 hivi. Kwenye mpera wa uani nimetundika ubao wenye kingo ambao kila mtu hapa nyumbani anauita sinia la ndege, na chini yake kuna kigae kipana chenye maji. Wanaoanza kulisha ndege huniuliza mambo yanayofanana, na karibu yote yanaanzia angani: mvua, jua, ubaridi, upepo. Maelekezo mengi ya kulisha ndege yameandikwa kwa ajili ya nchi za theluji, kwa hiyo yanaanza na baridi. Huku kwetu anayepanga ratiba ni mvua.

Jana sinia lilijaa ndege, leo hakuna hata mmoja. Nimewakosea nini?

Hujawakosea kitu. Swali ninalorudisha kwanza ni hili: usiku mvua imenyesha?

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, kumbikumbi hutoka. Kumbikumbi ana mafuta, ana protini, hana mwiba, na anaruka polepole kama kipande cha karatasi. Asubuhi moja ya vuli nilikaa kibarazani nikawatazama shore wanne waliojipanga kwenye uzio. Kila kumbikumbi akiinuka kutoka kwenye nyasi, shore mmoja anachomoka, anamdaka hewani, anarudi palepale alipokuwa, na mabawa manne yanashuka taratibu hadi chini. Kunguru hawakujisumbua kuruka. Walitembea kwenye majani wakiokota kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Hata shomoro, ambao siku zote huutetea mtama wangu kwa ugomvi, waliuacha. Nafaka niliyoiweka alfajiri niliikuta jioni haijaguswa, imelowa tu.

Kuna na sababu ya pili, inayodumu zaidi ya siku moja. Ndege wengi wa hapa huzaa wakati wa mvua. Kwera, ambao wengi mnawaita mnana, wakubwa wao wanakula nafaka vizuri kabisa, lakini makinda yao yanalishwa wadudu. Kinda anayeota manyoya anahitaji viwavi na panzi. Kwa hiyo kuanzia wiki za mwanzo za masika utawaona kwera wakipita kwenye sinia dakika mbili asubuhi, wanajaza tumbo lao wenyewe, kisha wanakwenda kuwinda.

Ukiona sinia halina wageni baada ya mvua, furahi pamoja nao. Punguza nafaka unayoweka, maana itaharibika, na subiri.

Kwa hiyo ni miezi gani wanahitaji chakula changu zaidi?

Kwa sisi wa nyanda za juu za kaskazini, mwaka una vipande vinne: masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, kisha mvua za vuli zinazoanza Oktoba au Novemba hadi Desemba, na kiangazi cha Januari na Februari. Sinia hujaa kwelikweli mwishoni mwa ukame, yaani Septemba na Oktoba kabla ya vuli, na tena Februari. Wakati huo mbegu za nyasi zimeshaliwa au zimeanguka ardhini, wadudu wamepungua, na miti mingi haina matunda.

Wengi wanashangaa kusikia kwamba mwanzo wa mvua nao una njaa yake. Mvua ya kwanza huotesha mbegu zilizobaki ardhini. Mbegu ikishachipua si chakula tena kwa chiriku wala tetere, na nyasi mpya bado hazijatoa mbegu. Ndege wanaokula wadudu wanashiba siku hiyo hiyo, ila wanaokula mbegu wana wiki kadhaa ngumu. Mimi siachi kuweka ulezi katika wiki hizo, hata kama siku ya kumbikumbi hakuna anayekuja.

Pwani mambo yanatofautiana. Tanga, Mombasa au Unguja unyevu haukatiki vile, na mabadiliko makubwa ni ya pepo: kaskazi na kusi. Huko tatizo la sinia mara nyingi ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890, na yeye hachagui majira.

Ni saa ngapi nzuri ya kuwatazama?

Kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3. Halafu tena kuanzia saa 10 jioni mpaka giza linapokaribia.

Asubuhi wana njaa ya usiku mzima. Huku karibu na ikweta usiku una takriban saa 12 mwaka wote, na ndege mwenye gramu 10 hana ghala la kumtosha zaidi ya hapo. Joto la mwili wake ni nyuzi 40 na ushee, na mwili mdogo hupoteza joto haraka. Jioni anakuja kujaza tena kabla ya kulala.

Siku ya mawingu mazito mpangilio huo huvurugika, kwa uzuri. Kukiwa na ubaridi na mawingu, wanakula kidogo kidogo mchana kutwa, kwa kuwa hakuna jua la kuwakimbiza saa 6. Kama una siku moja tu ya mapumziko na unataka kuona aina nyingi, omba iwe siku ya mawingu isiyo na mvua.

Mvua ikianza kunyesha huwa wanaenda wapi?

Inategemea mvua. Manyunyu hayawazuii. Manyoya ya ndege yamepangwa kama vigae vya paa, na wengi wana tezi juu ya mkia inayotoa mafuta wanayojipaka kwa mdomo. Maji huteleza. Utamwona tetere amekaa kwenye manyunyu akidonoa kana kwamba hakuna kitu.

Mvua kubwa ni jambo jingine. Manyoya yakilowa hadi ndani, hewa inayotunza joto inatoka, na ndege mdogo aliyelowa chapachapa hawezi kuruka vizuri wala kumkimbia adui. Kwa hiyo wanajificha ndani ya vichaka vizito, chini ya makuti, kwenye majani ya mgomba, mara nyingine chini ya ukingo wa paa lako. Wanatulia, wanapunguza kila mwendo usio wa lazima.

Kaa karibu na dirisha mvua inapokatika. Ile robo saa ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wanatoka wote kwa pamoja, wana njaa, na ule utaratibu wa nani anatangulia nani unasahaulika kwa muda. Siku moja, mvua iliyochukua muda wa saa mbili ilipokatika, niliona kwera, shomoro, chiriku na tetere wawili kwenye ubao usiozidi upana wa gazeti, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Na angalia migomba. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hapendi sana kigae cha maji; yeye anaoga kwenye jani. Anatua juu ya jani lililolowa, analalia kifua, anateleza huku akipigapiga mabawa, anapanda tena, anateleza tena. Nimemwona mmoja akirudia mara saba kwenye jani lile lile.

Ni kweli ndege wanajua mvua inakuja?

Wazee wetu wanamsikiliza dudumizi. Sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba, na watu wengi huihesabu kuwa taarifa ya mvua. Dudumizi huzaa wakati wa mvua, na huita zaidi hewa inapokuwa na unyevu, kwa hiyo wanaomsikiliza hawajasikia vibaya. Mbayuwayu nao wakiruka chini chini, wanafuata wadudu walioshuka.

Katika nchi za kaskazini watafiti wamewapima ndege kwenye vyumba ambamo mgandamizo wa hewa unaweza kushushwa, na shomoro wa huko waliwahi kuanza kula mapema zaidi mgandamizo uliposhuka, kama ambavyo hushuka kabla ya dhoruba. Ndiyo sababu maelekezo ya huko yanasema: kabla ya dhoruba, sinia hujaa.

Usiibebe kanuni hiyo ilivyo hadi huku. Karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa mpangilio wake: unakuwa juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unakuwa chini karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mwendo huo wa kila siku mara nyingi ni mkubwa kuliko mabadiliko yanayoletwa na mvua ya kawaida. Ninachokiona kwenye sinia langu ni kwamba wingu jeusi na upepo wa ghafla huwafanya wale kwa haraka kwa dakika chache, kisha wanatawanyika. Hilo nawaaminisha kwa macho. La mgandamizo silitumii hapa.

Kipupwe kinawasumbua? Huku hakuna theluji.

Kinawasumbua kuliko tunavyodhani. Julai hapa Arusha usiku joto huweza kushuka hadi kama nyuzi 12, na kuna siku nyingi jua halitoki kabisa kwa mawingu ya Meru. Wadudu hawaamki mapema, kwa hiyo ndege wanaokula wadudu wanachelewa kupata kifungua kinywa.

Ukitaka kuuona ubaridi kwa macho, watazame pasa, wale ndege wa rangi ya vumbi wenye kishungi na mkia mrefu mwembamba. Usiku wanalala wamegandana fungu zima, kama zabibu kwenye kichala. Asubuhi jua likitoka, wananing'inia kwenye tawi, miguu imefika usawa wa mabega, tumbo wameligeuzia jua. Wanakula majani na matunda, chakula kisichotoa nguvu upesi, na jua la tumboni linawasaidia kupata joto. Mpaka wamalize kuota jua hawagusi papai langu, hata liwe limeiva vipi. Zamani nilifikiri hawalipendi. Sasa ninalikata saa 3, si saa 1.

Msimu huu ongeza vyakula vyenye mafuta: alizeti, karanga zilizosagwa kidogo zisizo na chumvi.

Jua kali nalo? Mchana wanatoweka.

Ndege hana tezi za jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi na kuachia mabawa mbali na mwili. Ukimwona kunguru juu ya ukuta saa 7 mchana amefungua mdomo bila kutoa sauti, haumwi; ana joto. Kula huongeza joto la mwili, na kurukaruka huongeza zaidi, ndiyo maana kuanzia saa 5 hadi saa 9 wanakaa kivulini.

Unachoweza kufanya ni kulihamishia sinia kwenye kivuli, na kuweka maji. Na hapa nitasema kwa mkazo: kiangazi, ukiwa na uwezo wa kuweka kimoja tu, weka maji, acha nafaka. Mla wadudu na mla matunda hupata sehemu kubwa ya maji kwenye chakula chake. Mla nafaka hana bahati hiyo. Anakula kitu kikavu na lazima anywe.

Maji yawekwe vipi?

Kina cha sentimita 3 hadi 5, si zaidi. Sahani ya chungu cha maua inafaa sana, au kigae cha chungu kilichovunjika. Weka jiwe katikati ili mdogo apate pa kusimama. Kisiwe na uso laini unaoteleza. Kiweke karibu na kichaka, lakini si ndani yake, paka asipate maficho.

Badilisha kila siku na usugue kwa brashi. Hili halina mjadala: maji yaliyotuama siku kadhaa ni mazalia ya mbu, na mbu hao watakuuma wewe na watoto.

Ukipata nafasi, tazama wanavyokunywa. Shore anachota tone, anainua kichwa, analiacha literemke kooni. Tetere hana haja ya hayo. Anazamisha mdomo na kunyonya moja kwa moja. Wanapokuwa pamoja kigaeni, tetere anamaliza na kuondoka shore akiwa bado anainamisha na kuinua.

Nafaka ikilowa, naweza kuianika nikairudisha?

Hapana. Itupe mbali au ifukie.

Najua inauma, chakula ni ghali. Msimu mmoja wa masika niliacha karanga siku nne kwenye ubao usio na matundu, nikijiambia kwamba zitakauka jua likitoka. Siku ya tano nilipozipasua, ndani zilikuwa na unga wa kijani kama vumbi. Shore walikuwa wamekula nusu. Nilitupa zilizobaki, nikausugua ubao kwa maji ya moto, na kwa wiki nzima nilikuwa nachungulia chini ya mpera kila asubuhi nikiogopa nitakachokikuta.

Kuvu ya aina hiyo ndiyo inayotengeneza sumukuvu. Tanzania tunaijua: mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Sumu yenyewe ilitambuliwa kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizoota kuvu. Karanga isiyokufaa wewe, usimpe kiumbe chenye ini dogo kuliko ukucha wako.

Kwa hiyo wakati wa mvua: toboa matundu kwenye sinia maji yapite, weka kipaa juu, toa kiasi kitakachokwisha asubuhi hiyo tu, na karanga ziache kabisa mpaka mvua ikatike. Ulezi na mtama vinavumilia zaidi kidogo, navyo si milele.

Nina kuku. Kuna hatari?

Ipo. Usitundike sinia juu ya banda wala karibu nalo. Ndege wa porini na kuku wakigawana chakula na kinyesi, wanagawana na magonjwa, mdondo ukiwemo. Baada ya mvua mbu wanaongezeka, na mbu hueneza ndui ya kuku. Ukiona ndege amejikunja, manyoya yamesimama, haogopi ukimkaribia, ondoa chakula chote kwa wiki mbili, safisha sinia, na ardhi ya chini yake ikwangue. Kusambaa kwao ndiko kunakowasaidia wakati huo.

Upepo unaathiri?

Ndiyo, na watu wengi hawauhesabu. Majani yakipiga kelele ndege hasikii vizuri, na matawi yakiyumba hamwoni kipanga akija. Kwa hiyo siku ya upepo mkali anakula akiwa na wasiwasi: anadonoa mara moja, anainua kichwa, anadonoa tena, anaondoka. Sinia linaloyumba linamwongezea hofu. Lifunge kwa waya wa pili upande wa chini, au lisogeze nyuma ya nyumba.

Maji ya sukari kwa chozi: joto linayaharibu?

Haraka sana. Sehemu moja ya sukari kwa sehemu nne za maji, chemsha, acha yapoe. Usitie rangi wala asali. Arusha kipupwe yanaweza kukaa siku mbili; kiangazi, na pwani wakati wowote, badilisha kila siku, maana yanachacha. Chombo kizibwe juu, kwani mvua ikiingia inayazimua na chozi hurudi kwenye maua. Mimi naona ua ni bora zaidi. Panda mkia wa simba au mshubiri, ambao huchanua hata ukame ukiwepo, utapata chozi bila kuosha chupa.

Mbona kuna ndege ninaowaona kuanzia Oktoba tu, kisha Aprili wamepotea?

Hao ni wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya huko. Wengi wanakula wadudu, kwa hiyo watakuja kwenye maji na kwenye miti yako, si kwenye mtama. Hali ya hewa inawaamulia safari nzima. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, usiku wa Novemba na Desemba usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, maelfu ya ndege wanaosafiri gizani huvutwa chini na taa za hoteli. Tangu 1969 watu wamekuwa wakiwakamata hapo kwa nyavu, kuwavika pete miguuni na kuwaachia. Mmoja wa wale wadogo wa kijani-njano wasiotulia kwenye mparachichi wako huenda alipita kwenye ukungu kama huo wiki iliyopita. Mwachie maji.

Niko Minnesota, Marekani. Haya yote yananihusu?

Maji na usafi, ndiyo. Mengine yageuze, dada au kaka yangu: kwako baridi ndiyo inayotawala. Chikadii, ndege wa gramu 11 hivi anayebaki huko majira yote ya baridi, hushusha joto la mwili wake usiku kwa nyuzi 10 au zaidi ili mafuta yake yafike asubuhi. Mchana ni mfupi, na ana saa chache za kuyarudisha. Weka alizeti na mafuta ya ng'ombe, weka kabla giza halijaingia ili alfajiri ayakute, na usikatize katikati ya wiki ya dhoruba. Maji yakiganda, mimina ya vuguvugu juu yake asubuhi, na usitie chumvi kuyayeyusha.